Kupe, Fisi na Paa la Machinjio

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa ng'ombe!

Yuko zizini au yuko sufuriani?

— Zizini bado!

Haya, fungeni zizi, mimi nifungue mdomo.

Hapo kale alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi. Alikuwa na maksai mmoja wa kulimia, jina lake Bwana Shamba. Aliitwa hivyo kwa sababu alipenda kusimama katikati ya shamba akiwatazama watu wakilima. Na ndani ya sikio la kushoto la Bwana Shamba aliishi Kupe.

Ndiyo, kupe. Mlitaka sungura? Sungura kachoka, kila siku yeye tu. Leo zamu ya Kupe.

Kupe alikuwa mdogo, hata punje ya mtama ilimzidi. Lakini alikuwa na akili, na alikuwa na raha. Asubuhi ananyonya, fyoo! Mchana ananyonya, fyoo! Jioni ananyonya, fyoo! Kisha analala. Hadaiwi kodi, halimi, hachoti maji. Wewe Kwilasa, mbona umeanza kujikuna? Tulia, nimesema ni hadithi.

Basi mwaka mmoja ukaja upepo, vuuu! Ukang'oa nyasi zote za paa la Nyamizi, na za majirani zake pia. Nyamizi akawa anazitazama nyota kutoka kitandani. Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Akasema, "Nikikosa bati kumi kabla ya mvua, nitalala majini. Na sina cha kuuza ila Bwana Shamba." Akalia, maana alimpenda sana ng'ombe wake.

Siku hizo fedha haikuwapo, watu walibadilishana kwa bati. Msiniulize bati lilitoka wapi na fedha haijazaliwa. Hadithi ni yangu.

Habari za shida hazikawii. Fisi akazisikia. Fisi alikuwa na machinjio yake, naye akaja mbio, chechemea, chechemea, chechemea.

"Hodi hapa, dada Nyamizi!"

"Karibu, kaka Fisi."

"Pole na upepo. Nasikia unauza ng'ombe."

"Nauza. Keshokutwa kuna mnada, nataka nimpeleke."

"Mnadani!" Fisi akashika kichwa. "Dada yangu, mnadani ni siku mbili kwa miguu. Ng'ombe atakonda. Utalipa ushuru. Utakula vumbi. Jua litazama hujauza, urudi naye tena! Niletee mimi moja kwa moja. Machinjio yangu ndiyo pekee yenye paa nchi nzima. Bati ishirini juu! Karani anaigongea nyama mhuri wake kivulini. Unajua bila paa hagongi. Nami nakupa bati kumi."

Nyamizi akashusha pumzi. Bati kumi! Akamwegemea Bwana Shamba shingoni, akaweka shavu lake karibu na sikio la ng'ombe, ili amuage.

Kupe akasikia yote. Ng'ombe akifa, Kupe hana nyumba. Ngozi itatundikwa juani, naye atatundikwa nayo. Akatambaa, tambaa, tambaa, akachungulia kwenye sikio la Nyamizi, akanong'ona, "Muulize. Kichwa je?"

Nyamizi akadhani ni akili yake mwenyewe inasema. Watu ndivyo walivyo, wakisikia neno la maana hudhani limetoka kwao.

"Kaka Fisi, na kichwa je?"

"Aa, kichwa si nyama, dada. Toa bati moja."

"Muulize. Ngozi je?"

"Na ngozi je?"

"Ngozi si nyama. Toa bati moja."

"Muulize. Miguu je?"

"Na miguu je?"

"Miguu minne hiyo. Toa bati mbili."

"Muulize. Matumbo je?"

"Na matumbo je?"

"Matumbo yana mavi, dada, nisikufiche. Toa bati mbili. Damu itamwagika, toa moja. Na mchinjaji atapaka kisu mafuta, toa moja."

"Na bei yangu nitaijua lini?"

"Akishaning'inia kwenye ndoano, tukampima."

"Nisipoipenda?"

Fisi akacheka, "Hi hi hi! Utamshonea ngozi umrudishe nyumbani?"

Nyamizi akahesabu vidole. Zimebaki bati mbili. Akachukua mchi.

"Bati mbili nikafunike kuku? Toka!"

Fisi akatoka mbio, chechemea, chechemea. Kupe akarudi sikioni mwa Bwana Shamba akajipongeza kwa kunyonya kidogo, fyoo! Akamwambia ng'ombe, "Nimekuokoa, ndugu yangu."

Bwana Shamba akajibu, "Mh."

Hayo ndiyo mazungumzo yake yote. Usimtegemee.

Wakaenda mnadani. Nyamizi hakumkimbiza ng'ombe. Akila, alimwacha ale. Akinywa, alimwacha anywe. Mzani hupima nyama, lakini mnada hupima kwa macho, na macho hayapendi kuona mbavu.

Kumbe Fisi ametangulia. Akawatafuta wachinjaji wenzake wawili, Chui na Mbweha, akawaweka pembeni.

"Leo yuko maksai wa Nyamizi. Fungeni midomo. Nitampata kwa bati mbili, na matumbo nitawagawia."

"Na maini?" akauliza Chui.

"Na maini."

Chui akafunga mdomo. Mbweha akafunga mdomo. Ni mara ya kwanza Mbweha kufunga mdomo, mate yakamtoka puani.

Na wakulima, waliokuwa wakinunua maksai wa kulimia, siku hiyo walikuja na mikono mitupu. Upepo ule haukuchagua. Kila mwenye bati alikuwa juu ya nyumba yake anapigilia misumari.

Mnadi alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili. Akapanda juu ya gogo akaita, "Haya, haya, haya! Maksai wa kulima, mgongo meza, shingo gogo! Nani ana neno?"

Fisi akaja kumpapasa ng'ombe, maana mnunuzi haachi kupapasa. Akapapasa nyonga, akapapasa mgongo, akapapasa shingo, mate tiriri. Kupe akaona, akasema moyoni, "Hapa ndipo." Akadandia mkono wa Fisi. Akatambaa, tambaa, tambaa, mpaka kwenye sikio. Huko ndani kulinuka, jamani! Akaziba pua.

"Bati mbili!" akasema Fisi.

"Bati mbili!" akaita Hondohondo. "Nani zaidi? Nani zaidi?"

Kimya. Nyamizi akatazama huku, akatazama huku. Kimya. Machozi yakamlengalenga.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Ndipo Kupe akasema ndani ya sikio la Fisi, kwa sauti nzito ya Chui, "Tatu!"

Fisi akashtuka. Akageuka. Chui amefunga mdomo, anatazama angani. "Msaliti," akasema Fisi moyoni, "kasema kisha kajifanya hakusema." Akapaza sauti, "Nne!"

Kupe akavuka utosi mpaka sikio la pili, akasema kwa sauti nyembamba ya Mbweha, "Tano!"

"Na wewe!" Fisi akang'aka. "Sita!"

"Saba!"

"Nane!"

"Tisa!"

"Kumi!"

Watu wote wakaanza kucheka taratibu. Walimwona Fisi peke yake, anageuka kushoto, anageuka kulia, anajipandishia bei mwenyewe. Mzee mmoja akataka kumwambia, mkewe akamkanyaga mguu.

Bati kumi! Nyamizi akapiga kigelegele. Kupe angeishia hapo, Nyamizi angepata paa, na Kupe angepata kaburi. Lakini Kupe alikuwa bado anahesabu. Alikuwa anahesabu paa la mtu mwingine.

"Kumi na moja!"

"Kumi na mbili!"

"Kumi na tano!"

"Kumi na nane!"

"Kumi na tisa!"

"Ishiriiini!" Fisi akapiga yowe, mapovu mdomoni.

Kupe akanyamaza. Alipaswa kunyamaza hapo hapo, maana mwenye pupa ukimvuta mno kamba hukatika, naye huondoka bila hasara.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu!" Rungu likashuka juu ya gogo, po! "Wa Fisi!"

Fisi akarukaruka. "Nimewashinda! Nimewashinda!"

"Umemshinda nani?" akauliza Chui. "Mimi sijafungua mdomo tangu asubuhi, shingo inaniuma. Maini yako wapi?"

Fisi akamtazama Chui. Akamtazama Mbweha. Akawatazama watu wanaojishika mbavu. "Hondohondo! Nilisikia sauti!"

"Mimi nasikia kinachotoka mdomoni," akasema Hondohondo. "Kilichoingia sikioni ni chako. Neno la mnadani halirudi. Leta bati."

Wakaenda vijana wanne wenye nyundo mpaka machinjioni. Kwangwa! Bati la kwanza. Kwangwa! La pili. Kwangwa, kwangwa, kwangwa, mpaka la ishirini. Nyamizi akaondoka na bati za nyumba, na za jiko, na zilizobaki akasema kuku nao ni watu.

Kupe alikuwa amesharudi kwa Bwana Shamba. Damu ya Fisi aliionja mara moja tu, akatema.

Fisi akamfunga ng'ombe machinjioni, akanoa kisu, kwichi, kwichi, kwichi. "Nimekula hasara, sasa nitakula nyama." Mara akaingia ndege Karani, mrefu, miguu mikavu, kalamu nyuma ya kichwa, mhuri kwapani. Akatazama juu. Tai saba nao wakamtazama yeye.

"Paa liko wapi?"

"Mheshimiwa, limekwenda mnadani."

"Basi mhuri hausogei. Na nyama isiyo na mhuri ni mali ya nani?"

Fisi akameza mate. "Ya Simba."

"Yote?"

"Mpaka mkia."

Karani akaondoka, ta, ta, ta. Fisi akabaki na kisu mkononi na ng'ombe asiyechinjika. Siku ya kwanza Bwana Shamba akataka majani. Fisi akaenda kukata majani! Siku ya pili akataka maji. Fisi akachota maji! Siku ya tatu Bwana Shamba akaweka haja kubwa mlangoni, pwata! Fisi akakaa chini akalia.

Akamswaga mpaka kwa Nyamizi. "Dada, mnunue ng'ombe wako. Nirudishie bati kumi tu."

Nyamizi akatoka ndani, chini ya paa jipya. "Kumi? Sawa. Lakini kichwa hakilimi, kaka. Toa bati moja. Ngozi hailimi, toa moja. Mkia haulimi, toa mbili. Tumbo linakula tu, toa mbili. Umemkondesha, toa moja. Na mimi nimechoka kuongea, toa moja."

Fisi akabeba bati zake mbili akaenda, chechemea, chechemea. Mpaka leo mkijenga nyumba mpya yeye hupita usiku kulitazama paa.

Nyamizi akamkumbatia Bwana Shamba. Akalia kwa furaha, wala hakuona haya. "Ng'ombe wangu! Sitakuuza tena. Nitakutunza kuliko zamani. Kesho asubuhi na mapema nakupeleka josho."

Kupe akasikia. Josho! Lile shimo la maji ya dawa, ng'ombe anatumbukia mpaka pembe.

Akapiga kelele sikioni, "Bwana Shamba! Ndugu yangu! Mwambie! Mwambie ni mimi niliyemuuliza Fisi! Mwambie ni mimi niliyehesabu bati! Mwambie uko hai kwa ajili ya Kupe!"

Bwana Shamba akafikiri usiku kucha. Kulipokucha akasema, "Mh."

Wakaenda. Chubwi!

Bwana Shamba akatoka upande wa pili, maji yanachuruzika. Akatikisa sikio la kushoto. Akalitikisa tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema neno la pili.

"Aaaah."

Hadithi imeishia hapo. Mkiniuliza wapi bora, mnadani au machinjioni, mimi sijui, mwulizeni ng'ombe. Lakini fundisho lipo, nanyi mlishike: tendeni wema, wanangu, maana wema hauozi.

Mnacheka nini? Kupe kaoza? Hakuoza. Dawa ya josho haiozeshi.

Zizi limefungwa?

— Limefungwa!

Na mdomo wangu?

— Haufungiki!

Basi kalaleni, na kila mtu ajikune kwao.