Kanga ya Bi Awetu

Kosa langu nalitanguliza, Mungu anisamehe: nilitumwa kuwaita watoto wa jirani yangu Bi Awetu waje wamwone mama yao, nikakaa nao kutazama mashine.

Walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Kazumari, mkubwa, alijaliwa macho. Alikuwa amecheza dubwi, zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, Newala, Nachingwea na hapa kwetu Masasi, na alijua bonasi ya kila mji hufunguka kwa picha gani. Ausi alijaliwa sikio: sarafu ikidondoka, alijua tumbo la mashine limejaa au ni tupu. Sijaona, binti wa mwisho, alijaliwa moyo wa kusema basi.

Bi Awetu alitakiwa kupasuliwa hospitali. Pesa ya gari ilikuwepo, ya kupasuliwa haikuwepo. Basi wakaichukua ile ya gari wakaizalishe kwenye dubwi.

Nikawakuta huko. "Mama yenu anawaita. Hali si nzuri."

"Subiri kidogo, Mama Zaituni," akasema Kazumari. "Kengele inakaribia. Hapa kwetu bonasi huja kwa kengele."

Ausi akaegemeza sikio. "Imeshiba hii. Tukiondoka, atakayekaa hapa atatucheka mpaka Idi." Akanisogezea kigoda. "Kaa, mama. Kutazama hakutozwi."

Nikamgeukia Sijaona, nikijua yeye atasema basi.

Akasema, "Bado."

Nikakaa.

Kengele ikaja kweli. Taa zikazunguka, sarafu zikamwagika, wakazikinga kwa mtandio wa Sijaona. Kaka zake wakataka kuendelea. Hapo ndipo alipofunga fundo. "Basi. Twende kwa mama." Bila yeye wangezirudisha zote.

Tulikuta wameshamfunga kidevu.

Wanawake waliokaa naye wakanikabidhi kanga yake. "Kabla hajakata roho alisema apewe mwanawe aliyemhangaikia."

"Picha niliijua mimi," akasema Kazumari.

"Na nani alisikia imejaa?" akauliza Ausi.

Sijaona akasema, "Nyumbani nimezileta mimi." Kisha akalifungua fundo, sarafu zikatawanyika mkekani, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Ni kweli walihangaika wote. Ni kweli pia hakuna aliyemshika mama mkono.

Kanga bado iko kwangu. Kila nikiswali namuuliza Mungu nimpe nani. Wewe unayenisikiliza, ungempa nani? Nakuomba unijibu, niitoe ndani ya nyumba yangu.