Tathmini ya Kocha Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Niwape ngano?

— Tupe!

Kavu au iliyolowa?

— Iliyolowa!

Haya, mmeitaka wenyewe. Mkilia msiseme sikuwauliza. Na wewe unayetafuna mahindi hapo nyuma, tafuna kimya kimya, maana ngano hii ina wafu.

Hapo kale palikuwa na chuo cha wanyama, chuo cha mbio ndefu. Sisemi zile mbio za kutoka hapa hadi pale, ukapigiwa makofi, ukakaa. Nasema mbio za kukimbia mpaka unasahau ulianza kwa ajili gani. Kocha wa chuo alikuwa Fisi. Fisi alikuwa na tumbo, alikuwa na filimbi, na alikuwa na ngozi kavu ya kuandikia tathmini. Tathmini ni maneno ya kocha juu ya mkimbiaji: nani amepanda, nani ameshuka, nani amekwisha.

Masika yakaja. Mvua ikanyesha, chwa! chwa! chwa! Ikanyesha leo, ikanyesha kesho, ikanyesha mpaka mto ukavimba na uwanja wa chuo ukawa ziwa. Palibaki mahali pamoja tu pakavu, pangoni kwa Chui.

Chui akasema, "Karibuni. Kimbieni humu humu ndani. Katikati pana nguzo ya mawe, izungukeni mpendavyo. Sharti langu ni moja. Kila mashindano yakiisha, wa mwisho ni wangu."

Fisi akakubali. Hakumuuliza mtu. Amuulize nani, na kwa nini? Chui akishakula nyama, mifupa ilikuwa ya kocha.

Ikawa hivyo. Kila siku ya saba, mashindano, mizunguko kumi na mitano kuizunguka nguzo. Tapu tapu tapu, kona! Tapu tapu tapu, kona! Kukimbia ndani si kama kukimbia nje, wajukuu zangu. Kona ni kali, mguu wa ndani unawaka moto, na vumbi la mavi ya popo linaingia kifuani. Wakimaliza wote wanakohoa, koho! koho! Kisha Fisi anapuliza filimbi, priii! Anakunjua ngozi yake.

"Kongoni! Umeanza vizuri, katikati ukalala, mwisho ukaamka. Pita."

"Ngiri! Mkia juu, akili chini. Pita."

"Swala! Unakimbia kama mtu anayetaka kutazamwa. Pita."

Chui, aliyekuwa amelala muda wote, hufumbua jicho moja. "Wa mwisho nani?" Fisi humtaja. Basi, imekwisha.

Siku ya kwanza alitajwa Sungura. Ndiyo, yule yule, mjanja wa ngano zote mlizowahi kusikia. Ujanja haukumfikisha hata mzunguko wa kumi. Siku ya pili alitajwa Kuro. Sasa Kuro siku ile alikuwa wa tatu, kila mtu alimwona. Lakini Kuro alikuwa na mifupa mikubwa. Nani angebisha? Wote walitazama chini, wakashukuru kimoyomoyo kwamba hawakutajwa wao. Mimi siwalaumu. Nanyi mngetazama chini.

Katika chuo hicho alikuwamo Sange. Hammjui Sange? Ni kanyama kadogo, wasiojua hukaita panya. Ana pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba kama vijiti vya kiberiti. Kila asubuhi huifagia njia yake, jani moja moja, jiwe moja moja, ili akikimbia asijikwae. Pale pangoni aliifagia njia ya kuzunguka nguzo, akaijua kama unavyolijua jino lako bovu.

Rafiki yake alikuwa Digidigi. Waliingia chuoni siku moja, wakalala kona moja, wakala kwa zamu ili mmoja alinde. Basi Digidigi akashikwa na kikohozi cha pango. Wenzake walikohoa wakanyamaza. Yeye alikohoa akaendelea, koho! koho! koho! Mbavu zikahesabika.

Siku moja kabla ya mashindano Fisi akamwita pembeni. "Binti, tathmini yako nimeshaiandika."

"Lakini kocha, mashindano ni kesho."

"Najua. Nimewahi tu."

"Umeandika nini, kocha?"

"Umekwisha."

Digidigi akarudi kwenye kona yao, akamweleza Sange. Hakulia. Alisema tu, "Ukifika nyumbani mwambie mama kwamba nilikuwa nakimbia vizuri." Aliyelia ni Sange. Alilia kwa niaba ya wote wawili mpaka ile pua ndefu ikachuruzika. Kisha akaifuta, akaenda kwa Fisi.

"Kocha, samahani, mimi mdogo wako nina swali. Kwa nini wewe unakula mifupa?"

"Kwa sababu nyama anakula Chui, mjinga wewe."

"Na mshindi je, anakula nini?"

"Mshindi anapigiwa makofi."

"Makofi, hayo yanashibisha? Nasema kama mshindi angepewa paja..." Sange akatikisa kichwa. "Lakini paja tulipeleke wapi sisi? Kongoni anakula majani. Swala anakula majani. Mimi nakula mchwa. Paja zima lioze bure! Laiti tungekuwa na mkimbiaji mmoja tu anayekula nyama."

Fisi akameza mate, gudu! "Mimi nilikuwa mkimbiaji."

"Wewe, kocha? Na tumbo hilo?"

"Tumbo hili ni la juzi tu! Mimi nilimkimbiza nyumbu tangu alfajiri hadi jua la utosini, na aliyeomba maji ni nyumbu!"

Sange akamwacha na mate yake, akaenda kwa Chui. Alisimama mbali, umbali wa mruko mmoja na nusu wa chui. "Bwana mkubwa, kesho kocha anakimbia. Anaomba mshindi apewe paja."

Chui akacheka. "Apewe."

"Ila kocha akikimbia, bwana mkubwa, hatakuwepo wa kukutajia wa mwisho. Itabidi ukae macho uangalie mwenyewe."

Chui akapiga miayo, meno yote yakaonekana. "Nitaangalia."

Sange akampelekea Fisi habari ya paja. Kesho yake wakapanga mstari, Kongoni, Swala, Ngiri, Digidigi, Sange, na Fisi na tumbo lake. Chui akakaa kwenye mdomo wa pango, palipo na mwanga, ambapo kila anayepita lazima aonekane. Fisi akapuliza filimbi, pri... hakuimalizia hata. Kashaondoka!

Loo, alikimbia! Mizunguko minne alikuwa mbele ya wote. Mzunguko wa tano tumbo likaanza kumpiga magotini, bumu, bumu, bumu. Sange alikuwa nyuma yake, unyayo kwa unyayo. Kongoni akampita Fisi, tapu tapu tapu.

"Huyo vipi?" Fisi akauliza.

"Huyo mwache, kocha. Ulishamzidi mzunguko mzima, anajikwamua tu."

Bumu, bumu, bumu. Swala akampita.

"Na huyu?"

"Huyo mwache, kocha. Ulishamzidi mzunguko mzima."

Bumu, bumu, bumu. Ngiri akampita, mkia juu.

"Na huyu?"

"Mwache, kocha! Punguza mwendo, utatuua sisi tulio nyuma yako!"

Fisi akapunguza. Mle ndani mna giza, njia ni ya kuzunguka, na mkimbiaji akishapoteza hesabu ataamini lolote analopenda kusikia. Lakini Sange hakuwa na raha. Mdogo vile, nyuma vile, akijikwaa mara moja tu, wa mwisho ni yeye. Moyo ulimwenda mbio kuliko miguu.

Mzunguko wa kumi na mbili, kando yao, koho! koho! koho! Digidigi huyo. Povu mdomoni, macho meupe, anakuja.

"Hata Digidigi?" Fisi akashangaa.

"Huyo ndiyo usiseme, kocha! Huyo umemzidi mizunguko miwili!"

Fisi akacheka. Mkimbiaji anayecheka anapoteza pumzi, nalo Sange alilijua. Digidigi akapita.

Kongoni akamaliza. Swala akamaliza. Ngiri akamaliza. Digidigi akauvuka mstari, akaanguka ubavu. Kwenye kona ya mwisho Sange akapita chini ya tumbo la Fisi, pyuu! Akamaliza. Fisi akaja peke yake, miguu ya mbele juu, anacheka.

"Paja langu liko wapi?"

Chui akasimama, akajinyoosha mgongo. "Wa mwisho ni wewe."

"Mimi? Bwana mkubwa, mimi ni kocha!"

"Nimehesabu waliopita. Sikuona kocha. Nimeona wakimbiaji sita."

"Muulize Sange! Sange alikuwa nyuma yangu mbio nzima!"

Chui akamgeukia Sange. "Eti?"

Sauti ya Sange ilitoka imenyooka. "Bwana mkubwa, huyu alianza kwa pupa. Mzunguko wa tano miguu ikakataa. Kuanzia wa kumi alikuwa anakimbia kwa maneno ya kuambiwa. Amekwisha."

Kicheko cha Fisi kilikatika katikati. Sitawaeleza zaidi. Kongoni akapewa paja lake la ushindi, akasimama nalo miguuni, hajui alipeleke wapi.

Chui alipokwisha kula akalamba kucha, akasema, "Kuangalia mbio kunachosha kuliko kukimbia. Mimi siangalii tena. Wewe mdogo umenieleza vizuri. Chukua filimbi."

"Bwana mkubwa, mimi siwezi, mimi..."

"Mvua haijakatika. Siku ya saba utanitajia wa mwisho." Akalala.

Sange akatazama nje. Maji kila upande, hata pa kukimbilia hapakuwepo. Akaivaa filimbi shingoni, ikamfika magotini. Akarudi ndani kwa wenzake, mbio, apate kuwaambia kwamba Digidigi amenusurika, kwamba wafikirie pamoja, kwamba siku saba ni nyingi.

Walipomwona, Ngiri akasogea kando. Swala akatazama chini. Sange akaenda kwenye kona yao, akamkuta Digidigi ameamka, amesimama wima kwa shida. Digidigi aliubana mdomo wake kifuani, akakimeza kikohozi mpaka machozi yakamtoka, Sange asikisikie.

Kisha akasema, "Shikamoo, kocha."

Nyamazeni, sijamaliza. Lazima pawe na funzo, la sivyo wazazi wenu wataniuliza nawafundisha nini. Funzo ni hili: ukimwokoa rafiki yako, atakuwa huru nawe siku zote, wala hatakuficha jambo. Na la pili, mpendeni kocha wenu, maana tathmini yake haijawahi kumdhuru mtu.

Ngano yangu imefika kwenye mstari.

— Imefika!

Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda aiache hapa hapa, nitaifagia mwenyewe. Haya, nendeni makwenu, mvua imepungua. Msisukumane mlangoni. Ila mimi, kama ningekuwa nyie, nisingekubali kuwa wa mwisho kutoka.