Saa ya Aliyemrudishia Bi Nuswe Mkono

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, umeme ulikwisha kuingia na kompyuta ziko mezani, Korogwe aliishi Bi Nuswe, mpiga chapa wa mahakama. Hakimu hajafunga mdomo, yeye keshaweka nukta. Kiharusi kikaja, kikachukua mkono wa kulia, kikamwachia wa kushoto, ule mvivu.

Binti yake Zawena alikuwa ng'ambo, mwaka wa tisa. Jirani Mwanamkuu ndiye aliyemwandikia barua kwa niaba ya mama, akitia na "tunda la moyo wangu" zake. Zawena akajibu mara moja tu: "Huyu si mama. Akiandika mwenyewe, nitajibu." Akanyamaza. Tangu hapo, kila pikipiki ikipita, Bi Nuswe shingo dirishani, huenda imeleta barua.

Akajaribu kompyuta. Mkono mmoja uandike, uache, ushike kipanya, urudi. Ukirudi, neno limeshapotea.

Mpwa wake Kihiyo akamtengenezea programu ya kuandikia. Ukifuta kwa kipanya, kidokezo kinachomoza chenyewe: "Mara nyingine bonyeza vitufe hivi, uache kipanya." Vizuri! Lakini kitufe kimoja mashariki, kingine magharibi, na vibonyezwe pamoja.

"Kihiyo baba, umenihesabia mikono mingapi?"

Mwanamkuu, kwa haya ya lile tunda lake, akakaa kando yake siku saba akitazama kila kidole kinafika wapi. "Hiki anakifikia. Hiki hakifikii, kitoe." Kihiyo akapanga upya.

Sasa mkono unafika, lakini vidokezo havikomi. Bi Nuswe anatafuta neno la kumwambia mwanawe, mara puu! "Mara nyingine bonyeza..."

"Nimeshajua, mbea we!"

Mzee Hoza, aliyemfundisha chapa ujanani, akacheka. "Kijana, mimi nilimsimamia nyuma mpaka akajua. Alipojua, nikaondoka. Na kidokezo chako, akikitii mara tatu, kinyamaze."

"Na akisahau?"

"Kirudi. Bila kumsuta."

Kikanyamaza. Ndipo Bi Nuswe akaandika: "Zawena. Umekula? Mkono wa kulia umekufa. Huu wa kushoto wamenifufulia, unakuuliza unarudi lini."

Jibu likaja na saa ya mkononi. "Mama, ni wewe kweli. Saa hii nimeivua mkononi mwangu. Mpe aliyekurudishia mkono." La kurudi hakulisema.

Kihiyo akasema, "Bila mimi, kidokezo kisingekuwapo."

Mwanamkuu akasema, "Bila mimi, kingemwelekeza asikofika."

Mzee Hoza akasema, "Bila mimi, angejua vitufe vyote na barua asiandike hata moja."

Bi Nuswe aliunusa ukanda wa saa, akaifunga kwenye mkono uliokufa, meno yakisaidia.

"Shangazi, iko nyuma saa mbili. Nikurekebishie."

"Iguse uone! Huko mwanangu ndiyo kwanza anaamka."

Haya, ninyi mliokaa kitako: aliyebuni, aliyetazama, aliyenyamazisha, na huyu anayekataa iguswe. Je, nani aliistahili saa ya Zawena?