Siku Yoyote ya Bi Kiboko

Hapo zamani za kale, wakati viboko walipokuwa wakikaa nchi kavu na kugombania rangi ya mapazia, paliishi Bwana Kiboko na mkewe, Bi Kiboko, pamoja na kasuku wao, Kidawa.

Nyumba yao ilikuwa kivukoni, mlango ukitazama njia. Kidawa alikaa barazani na kazi yake ilikuwa moja tu: mtu akibisha hodi, yeye huitikia “Karibu!” kwa sauti ya Bi Kiboko mwenyewe, nzito, yenye kikohozi mwishoni. Wageni hawakujua tofauti. Hata Bwana Kiboko alishaitwa na kasuku mara nyingi, akaenda mbio kunawa miguu.

Basi Bwana Kiboko akapewa cheo cha kugawa zamu za kunywa maji. Na cheo, wanangu, kina tabia ya kupanda kilima. Wakajenga huko juu, mbali na tope, wakaweka na geti la chuma.

Siku ya kuhama, Bi Kiboko alipita kwa majirani kuaga. Kwa Nguruwe, kwa Kobe, kwa Korongo kinyozi. Kila mlango aliacha maneno yaleyale: “Karibuni sana kwetu. Siku yoyote.” Nao wakajibu tutakuja, tutakuja. Hakuna aliyemaanisha kitu, ndiyo adabu yenyewe. Lakini Kidawa, ndani ya tundu lake juu ya mkokoteni, aliyasikia yote akayaweka.

Huko kilimani wakamweka sebuleni, katikati ya makochi yaliyovikwa nailoni, kwa sababu manyoya yake yaliendana na mapazia. Hodi hakuna. Nani apande kilima chote kile kuja kubisha chuma? Siku nzima kimya, ila saa ya ukutani, tik, tik. Kidawa akajaribu kuikaribisha saa. Haikuingia.

Akaanza kujinyonyoa. Unyoya leo, unyoya kesho, mpaka kifua chake kikawa kama cha kuku anayesubiri mchuzi.

Bi Kiboko akaingiwa na hofu. Alimpenda kasuku wake, msimwonee. Ila hakumuuliza ana nini. Siku hizo, kama siku hizi, mgonjwa ndiye alikuwa wa mwisho kuulizwa. Akaitwa daktari.

Akaja Fisi ndani ya koti jeupe. Udaktari wake wote ulikuwa kwenye hilo koti. Akilivua, udaktari unabaki kwenye msumari. Akamzunguka Kidawa, akamminya paja, akameza mate, glup. Akasema ugonjwa huu unaitwa hamahama. Afunikwe kitambaa, asisemeshwe, alishwe karanga mpaka anenepe, na Ijumaa yeye mwenyewe atakuja kumchukua akabadilishe hewa kwake.

Kisha akaingiza mkono mfukoni atoe kalamu. Kikatoka kitana. Akakirudisha upesi, akasema hata kuandika hakuna haja.

Wenye nyumba walikuwa wakilitazama koti, hawakuona kitana. Kidawa alikiona. Kilikuwa cha mfupa, kimevunjika jino moja, na alikijua vizuri: ndicho Korongo alichomchania Bwana Kiboko vile vinywele vyake vya utosini.

“Mama,” Kidawa akasema, “huyu anataka kunila.”

Fisi akatikisa kichwa kwa huzuni. “Mnaona? Imeshampanda kichwani. Wenye hamahama wote husema hivyohivyo.”

Bi Kiboko akafuta chozi, akamfunika kitambaa.

Chini ya kitambaa Kidawa aliwaza kwa bidii ya mtu anayenenepeshwa. Kulia hakukufaa, maana kila akilia karanga zinaongezwa. Kubishana na koti hakukufaa pia. Alichobaki nacho ni sauti, na hiyo haikuwa hata yake.

Ijumaa asubuhi wenye nyumba wakateremka mtoni kwa njia ya nyuma. Walisema wanakwenda mazoezi. Walikwenda kugaagaa topeni, ila kwa cheo kile haisemwi. Kidawa akakivuta kitambaa kwa mdomo, kikaanguka, fwaa. Dirisha lilitazama bondeni. Akajaza kifua chake kitupu, akaitoa sauti ya Bi Kiboko yote, hadi kikohozi:

“Majirani weee! Ile siku yoyote ni leo! Njooni mle! Na Korongo asikose! Khm!”

Bondeni wakatazamana. Nguruwe akasema basi ngoja niwaogeshe watoto. Kobe walimkuta nusu ya njia. Yeye alianza safari siku ileile alipokaribishwa.

Bwana na Bi Kiboko waliporudi, tope hadi masikioni, uwanja ulikuwa umejaa: aliyeitwa habishi hodi, wamesukuma geti wakaingia. Nguruwe alikuwa kwenye kochi, nailoni ameshaivua kwa sababu inanata. Akasema wameitika wito, na kwamba sauti ya Bi Kiboko haijapungua hata kidogo.

Bi Kiboko akafungua kinywa aseme si mimi niliyeita. Akakumbuka kwamba atalazimika kusema pia kuwa hata ile siku yoyote haikuwa ya kweli. Akakifunga, na kinywa kile kina mwendo mrefu wa kufungwa.

“Karibuni,” akasema.

Akaingia jikoni kutafuta kama kuna chochote. Zilikuwapo karanga za mgonjwa, gunia zima. Zikatoka zote.

Ndipo ikasikika getini, hodi ya kwanza ya nyumba ile. Alikuwa Fisi na koti lake, ameshika kikapu. Kidawa akawahi kabla ya mtu yeyote: “Karibu, Daktari. Hebu tuandikie dawa, wageni nao waione.”

Fisi akaona macho mengi yakimngoja. Mazoea yana taabu, wanangu: akaingiza mkono mfukoni, akachomoa.

Korongo, aliyekuja amejifunga kanga ya mkewe, akanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu.

“Kitana changu,” akasema. “Na koti langu. Nililianika kwenye kamba likapotea, nikawalaumu watoto.”

Fisi akacheka peke yake. Bi Kiboko akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na chumvi, ndimu na pilipili mbichi.

“Daktari,” akauliza taratibu, “hii ndiyo hewa ya kubadilishia?”

Fisi akalivua koti akiwa tayari anakimbia. Bwana Kiboko akamfuata, akausahau upana wake, kwaa! Geti likang'oka na nguzo zake. Halijarudishwa mpaka leo.

Jioni Bi Kiboko akamuuliza Kidawa, kwa mara ya kwanza, alikuwa akitaka nini muda wote huo.

“Hodi, mama.”

Tundu likahamishiwa barazani. Geti hakuna, wapita njia wakaanza kubisha, manyoya yakaota. Lakini lilibaki jambo moja lililomkera Bi Kiboko, akasogea akanong'ona: “Niambie ukweli. Nani aliwaita wale watu?”

“Wewe, mama, siku ile tulipohama,” Kidawa akasema. “Mimi nilichagua siku tu.”

Mkeka wa hadithi nimeukunja, funzo ni hili: ukisema karibu, uwe umeshabandika chungu.