Kamba Iliyokatika Shingoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mwindaji alikuwa na mbwa. Mbwa akavunjika mguu. Mwindaji akamtazama, akamfunga kwa kamba ya katani kwenye mti wa mgunga, akaenda zake. Wala hakugeuka nyuma.

Mbwa akalia, uuu! uuu! Jua likamchoma. Wanyama wakapita, wakamwona, wakapita.

Ngiri akasema, "Na afe. Meno yake nayajua."

Kanga akasema, "Na afe. Mayai yangu aliyakanyaga."

Akaja Bi Nungunungu. Huyu alikuwa mjane. Mumewe aliuawa na wawindaji na mbwa wao, na tangu siku hiyo miiba yake ilisimama, haikulala tena. Hata wanawe walishindwa kumsogelea, wakahama. Akabaki shimoni peke yake.

Akamuuliza Mbwa, "Ni wewe uliyemkamata mume wangu?"

"Sijui, mama. Tulikuwa wengi."

Bi Nungunungu akalia. Akalia sana. Kisha akaitafuna ile kamba, kru! kru! kru! Ikakatika.

"Twende kwangu."

Mbwa akainuka, akaenda chopi, chopi. Alipofika pale kamba ilipokuwa ikiishia, akasimama. Akatetemeka. Akarudi, akalala chini ya mgunga.

"Kamba imekatika, mwanangu!"

"Naona imekatika, mama. Lakini siwezi."

Basi, kila siku Bi Nungunungu akawa anamletea mifupa na matikiti ya porini. Mbwa anakula, yeye anakaa kando kwa sababu ya miiba, wanapiga soga. Wanyama wenzake wakamtenga Bi Nungunungu. "Anamlisha aliyemfanya mjane!" Kanga akacheka.

Kiangazi kikawa kikali. Siku moja Bi Nungunungu hakuja. Kesho yake hakuja. Mbwa akabweka mpaka sauti ikakauka.

Ngiri akapita. "Unabweka nini? Mama yako yuko shimoni, ana homa. Hatamaliza wiki."

"Mpelekeeni maji!"

"Nani aisogelee miiba ile?" Ngiri akaenda zake.

Mbwa akachukua tikiti lake la mwisho mdomoni. Akafika mwisho wa kamba. Akarudi. Akaenda tena. Akarudi. Akalala kifudifudi, akajiburuta kwa tumbo, anatetemeka, anajikojolea. Akavuka.

Akaingia shimoni.

"Usinisogelee," Bi Nungunungu akasema. "Nitakuchoma."

"Nichome."

Akamlisha lile tikiti, akalala ubavuni mwake. Miiba ikamwingia, chwi! chwi! Damu ikatoka. Hakusogea. Akakaa hivyo hivyo mpaka mwiba mmoja ukalala. Ukalala wa pili. Ikalala yote.

Je, walifurahi? Mimi sidanganyi mbele ya watoto. Bi Nungunungu alipona, lakini mumewe hakurudi. Mguu wa Mbwa haukunyooka. Mvua haikunyesha mwaka ule. Na Mbwa akisikia sauti ya mwindaji, mpaka leo hutetemeka. Ila sasa akitetemeka, ana ubavu wa kuegemea.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: ukimwokota aliyetupwa, usimdai furaha. Kaa naye. Naye atakaa nawe siku utakayotupwa wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Yule mbwa anayelala nje ya ukuta wetu, nani amempa chakula leo?