Chombo cha Khatibu Mcha

"Chombo kisichokunywa hakielei." Ndivyo alivyosema ami yenu alipomwona Faki anafunika cherehani kwa gunia, eti hashoni tena maisha, kwa kuwa kanzu yake ya kwanza shingo imekwenda upande. Mmecheka, kisha mkanijia mimi, Bi Mize, kuniuliza chombo na cherehani vinahusiana nini. Haya, kaeni. Faki, wewe sogea karibu zaidi, maana umenuna hata masikio hayasikii. Mwanzo wa methali hii ulikuwa hivi.

Khatibu Mcha alikuwa seremala wa milango na vitanda hapa hapa Kidagoni. Alioa ng'ambo ya ghuba, Vikunguni, akamchukua Hidaya, na siku ya arusi alimwahidi mkwewe mbele ya watu kwamba atamrudisha bintiye kumtazama, tena kwa chombo chake mwenyewe. Ahadi ya siku ya arusi ni rahisi kutoa, tumbo limejaa wali. Lakini sisi hapa tulikuwa na mitumbwi tu, ile ya kuchonga gogo moja, ya kuvulia kando ya mikoko. Kuvuka ghuba haiwezi. Miaka ikapita, yule mama akapofuka, na kila mpita njia aliyetoka huko alileta salamu zile zile: "Mwambieni Hidaya aje nimshike mkono kabla sijafa." Hidaya alizipokea, akaendelea kutwanga. Mimi nilikuwa jirani yake, na nilimwona anavyokonda.

Ndipo Khatibu alipoanza kuunda mashua uani kwake, ubavuni mwa jiko. Hakuwahi kuunda hata ya kuchezea watoto. Mkuku wa kwanza, ule uti wa mgongo wa chombo, aliukata kwenye mfenesi mbichi, na jua la kaskazi likaupinda kama upinde. Akautupa, akaapa hatagusa tena mti mbichi. Tangu hapo kila ubao aliukausha mpaka ukigongwa unalia. Akajenga banda la makuti juu ya kazi yake, tone la mvua lisipite. Alipomaliza, mbao zilikutana vizuri kama milango yake, na kwenye maungo, pale ubao unapokutana na ubao, alikwishashindilia pamba yenye mafuta. Hidaya alishona tanga kwa mkono.

Siku ya kushua, kijiji kizima kilivuta kamba. Ubani ulifukizwa, wali ulipikwa. Mashua ikaingia majini, ikakaa vizuri, Khatibu akapanda kifua mbele. Hata hajageuka kutuangalia, maji yakaanza kuchuruzika kila ungo. Akaruka nje, nguo zote zimelowa chapachapa.

Sasa jueni akili za Kidagoni wakati ule. Mtumbwi wa gogo ukiingia maji una ufa, na wenye ufa huishia jikoni. Hatukujua chombo kingine. Kwa hiyo kile cha Khatibu tulikivuta juu, naye Khatibu akakianika juani kama mpunga, kikakauka kabisa, akaongeza pamba. Tukashua tena. Safari hii kilivuja zaidi. "Khatibu," mmoja akapiga kelele, "tulitaka mashua, umetuundia chungio!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka.

Kesho yake nilikwenda kwao kuomba moto, nikamkuta ameshika tindo, anataka kuzing'oa mbao.

"Unafanya nini, bwana?" Hidaya akamuuliza. Alikuwa ameinama juu ya kinu chake, anakimiminia maji.

"Zitatosha vitanda viwili," alisema Khatibu. "Nimechoka kuchekwa."

"Na mama yangu?"

Khatibu alishusha tindo.

"Njoo utazame kinu hiki," Hidaya akasema. "Kiangazi chote nimekitia juani, kimepasuka mpaka kidole kinapita. Umeniona nakitupa? Umeniona nakipiga misumari?"

"Unakitia maji."

"Nakitia maji mpaka kishibe, ufa ujifunge. Mti ni mti, mume wangu. Wewe umekinyima chombo chako maji tangu hakijazaliwa, na kila kikitaka kunywa unakitoa."

"Kikinywa kitazama!"

"Na kizame."

"Mbele ya watu, Hidaya?"

"Mbele ya watu. Chombo kisichokunywa hakielei."

Wallahi sijapata kumwona mwanamume ameona haya vile. Alikipeleka chombo kile pwani, penye kina kidogo, akakijaza maji kwa mikono yake, akakitia na mawe kikae chini. Habari zikaenea kwamba Khatibu amepagawa, anazamisha mali yake. Mzee mmoja alileta hirizi. Khatibu alijifungia ndani. Hidaya ndiye aliyekaa pwani na ukili wake, anasuka, kila anayepita anamwitikia salamu, na asiyesalimu hamtazami.

Siku kadhaa baadaye walitoa mawe, wakashika upo, kata ya kutolea maji chomboni, wakafua maji mpaka yakaisha. Tukangoja yarudi. Khatibu alipitisha kiganja kwenye kila ungo, taratibu, kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, kiganja kikatoka kikavu, na machozi yakamtoka. Maji yale yale aliyoyakimbia ndiyo yaliyovimbisha mbao zikabanana. Hakusubiri pilau ya mtu. Walitweka tanga asubuhi ile ile, na kabla ya adhuhuri Hidaya alikuwa Vikunguni, mkono wake mkononi mwa mama yake. Alikaa naye mwezi mzima. Kidagoni kote sasa tukawa na neno la kumwambia mtu anayeacha kazi kwa aibu ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo, Faki, ondoa gunia. Na kanzu hiyo usiifumue, nipe. Babu yako ataivaa Ijumaa kwenda msikitini, na shingo yake ya upande, watu wacheke washibe, nawe utakaa safu ya nyuma yake uwasikie. Jumamosi utashona nyingine. Chombo kisichokunywa hakielei.