Mbegu Nne Shavuni mwa Buku

Hapo zamani za kale, wanangu, palikuwa na mbegu nne ndogo kama punje za ulezi, zimetungwa kwenye uzi mmoja. Aliyezitunga simjui. Nimeuliza miaka mingi, sijapata wa kunijibu. Ninachojua ni kwamba zilikuwa mali ya Sisimizi, mpangaji ndani ya kichwa cha Tembo.

Wapangaji mle kichwani walikuwa wengi. Tembo akihuzunika, nyumba nzima ilitikisika: tikitiki! Vyungu chini, watoto ukutani! Dawa ilikuwa moja, asali ya utulivu. Nyuki waliileta kutoka kisogoni, na ikifika vyumba vya mbele, Tembo alipoa.

Lakini mlangoni alikaa Buku, panya aliyewazidi wapangaji wote kwa ukubwa. Alionja tone la kwanza, na ulimi ukishaona utamu, alipiga ngoma: pu! pu! “Yatosha! Fungeni mizinga!”

Nyuki wakafunga.

Mwaka mmoja Tembo alifiwa na dada yake. Kichwa kikatikisika, mayai mawili ya mpangaji mwingine, Mama Mjusi, yakapasuka. Likabaki moja.

“Yatosha kwa nani?” Mama Mjusi alimfokea Buku. “Mimi nimezika wawili, wewe unajilamba midomo!”

“Mama, punguza ukali. Nimeonja mwenyewe. Asali ipo tele.”

“Ipo ulimini mwako!”

“Basi njoo upige ngoma wewe. Mikono yenyewe kama njiti!”

Sisemi Buku alikuwa mwizi. Aliamini kweli kwamba akionja yeye, wameonja wote. Lakini yai lilikuwa moja tu.

Sisimizi akamwendea. “Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, kapunje.”

“Mlinzi mzima huna hata pambo! Hizi huvaliwa shavuni, kwa ndani.”

“Na ulimi wangu?”

“Hauguswi, mzee. Wewe endelea kuonja.”

Buku akazitia mdomoni, kwap! Mbegu zikatulia pembeni, ulimi ukafa ganzi.

Nyuki wakaleta asali. Buku akaonja. “Aka! Mbona maji? Leteni nyingine!”

Vuuu!

“Bado! Leteni!”

Vuuu! Ngoma kimya. Asali ikatiririka hadi vyumba vya mbele. Tembo akashusha pumzi, fyuuu! Nyumba ikatulia, na yai likabaki zima.

Asali ilipoanza kufurika sakafuni, Sisimizi akavuta uzi, mbegu zikatoka. Buku akalamba, macho yakamtoka pima.

“Kumbe tamu! Umenichezea, mdudu wee!” Pu! pu! Nyuki wakafunga.

“Nimekuchezea mara moja,” Sisimizi alisema. “Wewe umetuchezea misimu mingapi?”

Wapangaji wakakutana. Wengi walitaka Buku afukuzwe, lakini bila ngoma wangezama wote asalini. Wakaamua abaki mlangoni, na Sisimizi awe anatia mbegu na kuzitoa kadiri Tembo anavyohitaji. Wanangu, ulimi wa mmoja haupimi njaa ya nyumba nzima.

Kesho yake Tembo alianza kulia tena. Buku akakaza meno. Mama Mjusi ndiye aliyempanua taya, kwa mikono ile ile ya njiti, na Sisimizi akaingia na uzi wake.